Kamera ya Nje Kwenye Simuleta ya Ndege: Imefungwa Wapi, Inatazama Nini?

Malalamiko kuhusu kamera ya nje hufanana popote wanapokutana watu wa simuleta za ndege, yaani programu za kompyuta zinazoiga urushaji wa ndege. Mtu ameiweka programu, amehangaika mpaka akajua kupaa, na hatimaye Cessna yake iko hewani juu ya Dar es Salaam. Anabonyeza kitufe aione kwa nje, aipige picha awarushie wenzake WhatsApp. Anachokiona hakimridhishi hata kidogo. Ndege imejaa skrini nzima na ncha za mabawa zimekatwa, au imekuwa kadoa katikati ya maji, au imetulia tuli huku Bahari ya Hindi ndiyo inayopinduka. Anavuta lenzi, anairudisha, anazungusha mausi, mwishowe anarudi chumba cha rubani akiamini kwamba laptop yake haina nguvu ya kutosha.

Mara nyingi laptop haina hatia. Kile tunachokiita kamera ya nje si kitu kimoja, bali ni majibu ya maswali manne yaliyofungwa pamoja: kamera imefungwa kwenye nini, inatazama nini, iko umbali gani, na lenzi yake ni pana kiasi gani. Watengenezaji wameyaficha maswali hayo nyuma ya vitufe, na vitufe viwili tofauti vinaweza kutoa picha zinazokaribiana hadi mtu asijue amegusa kipi. Wengi ninaowaona wakilalamika wanahangaika na swali la nne, la lenzi, ilhali shida yao iko kwenye la kwanza au la tatu.

Nitatumia FlightGear kama mfano mkuu. Kwanza ni ya bure na ni ya chanzo huria, kwa hiyo yeyote mwenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux anaweza kuipakua leo na kujaribu haya ninayoyasema. Pili, mradi huu ulioanza miaka ya 1990 una tabia moja ninayoipenda: hauna siri. Kila namba inayoendesha kamera imeandikwa mahali unapoweza kuisoma na kuibadilisha huku ndege ikiruka. Microsoft Flight Simulator na X-Plane zinapendeza zaidi kwa macho, ila namba zao nyingi zimefichwa ndani. Ukishaelewa kinachotokea kwenye FlightGear, hizo nyingine utazisoma bila shida.

Kamera imefungwa kwenye nini?

Hili ndilo swali la kwanza kwa umuhimu, na ndilo linalorukwa kuliko yote.

Kamera inaweza kufungwa kwenye mwili wa ndege. Hapo kila ndege inachofanya, kamera inafanya nacho: ikiinua pua, kamera inainuka, ikilala upande, kamera inalala. Kwa kuwa vyote viwili vinakwenda pamoja, kwenye skrini ndege inaonekana haijasogea hata kidogo, na dunia ndiyo inayopinduka. Hii ndiyo asili ya lile lalamiko la bahari iliyogeuka. Kamera za namna hii ni nzuri sana ukizipachika kwenye ncha ya bawa au juu ya mkia, maana mtazamaji anaelewa kwamba amekaa juu ya ndege. Ukiiweka mita 30 nyuma hewani, akili inakataa, kwa sababu hakuna anayeweza kukaa hapo na kulala upande kwa pamoja na ndege.

Inaweza pia kufungwa kwenye mwelekeo wa ndege tu, yaani ikageuka kushoto na kulia pamoja nayo, lakini upeo wa macho ukabaki umenyooka. Ndege ikilala upande ili kukata kona, unaiona kweli ikilala, huku ardhi imetulia. Kamera nyingi za kufuata ndege kwa nyuma zimejengwa hivi, na aghalabu zimeongezewa ucheleweshaji kidogo: ndege inaanza kugeuka, kamera inangoja, kisha inaifuata taratibu. Ucheleweshaji huo ndio unaoleta ile ladha ya sinema. Ukiwa mdogo mno, picha inakuwa ngumu na kila mtikisiko wa jostiki unaonekana. Ukizidi, ndege inatoroka pembeni mwa skrini kila unapokata kona kali, na mtu anadhani kamera imeharibika.

Aina ya tatu haifuati hata mwelekeo. Inasafiri na ndege, lakini inaendelea kutazama upande ule ule wa dunia, tuseme kaskazini, ndege igeuke itakavyo. Na ya nne haisafiri kabisa: imesimama kwenye mnara wa kuongozea ndege, au pembeni mwa njia ya kurukia, na inageuza shingo tu.

Kwenye FlightGear unapita kamera hizi kwa kubonyeza v. Shift pamoja na v inakurudisha nyuma hatua moja, na Ctrl pamoja na v inakurudisha moja kwa moja kwenye kiti cha rubani. Majina yanajitokeza kwenye skrini: Helicopter View, Chase View, Chase View Without Yaw, Tower View, Fly-By View na kadhalika. Watu wengi huvibonyeza vitufe hivyo mpaka wapate picha inayopendeza na kusimama hapo. Bora ufanye jaribio dogo: ukiwa kwenye kila kamera, lala upande wa kushoto, kisha rudi. Tazama upeo wa macho, halafu tazama mkia. Utajua palepale kamera imefungwa kwenye nini.

Hiyo Chase View Without Yaw, yaani ya kufuata bila kugeuka na pua, hudharauliwa kwa sababu mara ya kwanza inaonekana kama imekwama. Lakini hakuna kamera nzuri kuliko hiyo kwa mtu anayejifunza kutua kwenye upepo wa ubavuni. Chukua Unguja, uwanja wa Abeid Amani Karume, ambao njia yake ni 18 na 36, yaani karibu kusini na kaskazini kamili. Msimu wa kusi, upepo ukitoka kusini-mashariki, unatua kwa 18 ukielekea kusini, na upepo unakusukuma kutoka kushoto. Ili usipeperushwe, pua ya ndege lazima ielekee kidogo kushoto, upande wa mashariki, ingawa ndege yenyewe inasafiri sawasawa na njia. Ukitazama kwa kamera inayofuata pua, utaona ndege imenyooka vizuri na njia ya kurukia ndiyo imepinda, picha inayomchanganya mwanafunzi kabisa. Sasa tumia ile isiyogeuka, izungushe mpaka itazame kusini sambamba na njia, uiache hapo. Njia inabaki imenyooka, na ndege unaiona dhahiri ikija kimshazari kama kaa, kisha ikinyooshwa kwa pedali sekunde za mwisho kabla magurudumu hayajagusa lami. Usiponyoosha, unaliona kosa lako kabla hujalisikia.

Umbali na lenzi

Hapa ndipo palipo na fujo kubwa, na nitakaa kidogo.

Kuna njia mbili za kuifanya ndege ionekane kubwa kwenye skrini. Unaweza kuisogeza kamera karibu, au unaweza kuiacha ilipo na kuibana lenzi. Watu huziita zote mbili "kuvuta", na hapo ndipo tunapopotea, kwa sababu picha mbili zinazotoka ni tofauti kabisa.

Unalijua hili kutoka kwenye simu yako. Ukijipiga picha simu ikiwa karibu sana na uso, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Mtu akikupiga kwa kusimama mbali na kuvuta lenzi, uso unarudi kuwa wako. Kamera za simuleta zinafuata hesabu ile ile ya umbali.

FlightGear hupima upana wa lenzi kwa digrii, na ya kawaida ni digrii 55. Kitufe cha x kinaibana, X kubwa inaipanua, na Ctrl pamoja na x inairudisha ya kawaida. Umbali wa kamera za nje nao huanzia kwenye mita 25. Ukiweka namba hizo mbili pamoja, mahali ndege ilipo skrini inaonyesha upana wa takriban mita 26. Cessna 172 ina mabawa ya mita 11, kwa hiyo inachukua kama asilimia 42 ya skrini. Picha nzuri tu, ya kawaida.

Sasa tuseme unataka Cessna ibaki ukubwa ule ule, asilimia 42, lakini ubadilishe lenzi. Ukiipanua hadi digrii 90, itabidi usogee mpaka mita 13. Ukiibana hadi digrii 20, utarudi nyuma mpaka kama mita 74. Ukubwa wa ndege haujabadilika, ila umbo lake limebadilika. Ukiwa mita 13 nyuma, mkia uko kama mita 8 kutoka kwenye kamera na pua kama mita 16. Mkia unaonekana mkubwa mara mbili kuliko unavyostahili ukilinganisha na pua, na ndege inakuwa kama kiluwiluwi. Ukiwa mita 74, tofauti kati ya mkia na pua ni ndogo mno, na ndege inaonekana jinsi ilivyochorwa na mtengenezaji wake. Hii ndiyo sababu picha nyingi zinazosifiwa mtandaoni zinaonekana kama za kweli. Hakuna ufundi wa ziada, mpigaji amerudi nyuma na kubana lenzi.

Mandhari nayo inabadilika, pengine kuliko ndege. Paa kutoka Kilimanjaro, uwanja wa KIA, asubuhi isiyo na mawingu, na uiweke kamera nyuma ya ndege itazame Kibo. Kutoka uwanjani hadi kileleni ni kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Kilele kina mita 5,895 na uwanja uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mlima unasimama kama mita 5,000 juu yako. Ukifanya hesabu, urefu huo wote unachukua digrii 5 na nusu hivi za macho yako. Kwa lenzi ya digrii 55 kwenye skrini ya kawaida ya laptop, mlima mrefu kuliko yote Afrika unapata kama sehemu moja ya sita ya kimo cha skrini. Kamlima tu kako nyuma ya mkia! Bana hadi digrii 20, rudi nyuma mpaka mita 74, na mlima ule ule unachukua karibu nusu ya skrini, ilhali Cessna haijabadilika ukubwa. Anayelalamika kwamba simuleta "imeichora Kilimanjaro ndogo" anailaumu mandhari kwa kosa la lenzi. (Ukiona mlima haupo kabisa, hilo ni suala la ukungu. Kwenye FlightGear vitufe vya z ndogo na Z kubwa hubadilisha umbali wa kuona, ilimradi hali ya hewa uliyochagua inaruhusu.)

Lenzi nyembamba ina gharama yake. Kila mtikisiko unakuzwa pamoja na picha, kwa hiyo mashine inayotoa fremu chache kwa sekunde itaonyesha ndege ikirukaruka ambapo kwa digrii 55 ulikuwa huoni kitu. Kwa video ya mwendo wa karibu na ardhi, lenzi pana kidogo, tuseme 60 hadi 70, inaongeza hisia ya kasi kwa sababu ardhi ya kando inapita mbio. Mimi digrii 90 siigusi isipokuwa ndani ya chumba cha rubani.

Rudi sasa kwenye ndege inayojaza skrini. Mita 25 zinaitosha Cessna. Boeing 747-400 ina urefu wa zaidi ya mita 70, kwa hiyo kamera iliyo mita 25 kutoka katikati ya ndege iko ndani ya ndege, kwenye viti vya abiria, inatazama matumbo yake. Kupanua lenzi hapo hakusaidii lolote, utaona tu matumbo mengi zaidi. Mabawa yake ni kama mita 64, na ukitaka yachukue ile asilimia 42 kwa lenzi ya digrii 55, kamera inatakiwa iwe kama mita 147 nyuma. Ndege nyingi kubwa za FlightGear huja na umbali wao umeshapangwa na aliyezitengeneza, ila si zote, na unapokutana na moja iliyosahaulika, sasa unajua cha kugusa.

Pa kugusa ni hapa. Fungua menyu ya Debug, chagua kivinjari cha vigezo vya ndani, au bonyeza tu kitufe cha mkwaju (/). Ingia sim, tafuta chase-distance-m. Utakuta -25 au namba nyingine yenye alama ya kutoa. Andika -147, thibitisha, tazama. Alama ya kutoa ibaki, unachobadilisha ni namba. Palepale chini ya sim kuna folda ya current-view, yenye field-of-view ambayo ndiyo lenzi, pamoja na x-offset-m, y-offset-m na z-offset-m ambazo ni nafasi ya kamera unayotumia wakati huo. Acha dirisha hilo wazi pembeni, zungusha kamera kwa mausi, uone namba zikibadilika zenyewe. Dakika chache za kuzitazama zinafundisha kuliko makala hii.

Ndege inazunguka pua badala ya tumbo

Swali la kamera inatazama nini huwa halina matatizo, mpaka siku unapopakua ndege iliyotengenezwa na mtu mwingine. Unaizungusha kamera, na badala ya ndege kukaa katikati, inazunguka kama imeshikwa pua: upande mmoja iko katikati, upande wa pili mkia umetoka nje ya skrini.

Sababu ni kwamba kila ndege ya kompyuta ina nukta moja inayohesabiwa kuwa sifuri, na vipimo vyote vinaanzia hapo. Aliyeichora anaweza kuiweka popote. Wengine huiweka katikati ya uzito, wengine kwenye ncha ya pua, kwa sababu michoro halisi ya viwandani aghalabu hupimwa kutoka mbele. Kamera haijui tumbo liko wapi, inatazama sifuri. Kwenye Cessna kosa hilo ni la mita chache na halikusumbui. Kwenye 747 ni nusu ya ndege.

Dawa yake ni kuiambia kamera itazame nukta iliyo nyuma ya sifuri kwa mita kadhaa. Kwenye FlightGear kigezo hicho kinaitwa target-z-offset-m na kinaandikwa kwenye mipangilio ya kila kamera, ndani ya faili la ndege lenye jina linaloishia na -set.xml. Anza na nusu ya urefu wa ndege, kisha sahihisha kwa jicho.

Mihimili mitatu, futi na mita

Sehemu hii inachosha, lakini ndiyo inayopoteza watu muda mwingi zaidi.

Kamera husogea kwa mihimili mitatu: kushoto na kulia, juu na chini, mbele na nyuma. Kila programu inaipa majina x, y na z, na hazikubaliani ipi ni ipi. Hata ndani ya FlightGear peke yake, umbo la ndege linapimwa x ikiwa kutoka pua kwenda mkia na z ikiwa juu, wakati kamera inapimwa x ikiwa kulia, y ikiwa juu na z ikiwa mbele na nyuma. Kwa hiyo ukinakili namba kutoka kwenye umbo na kuibandika kwenye kamera bila kuigeuza, ndege uliyotaka kuiona kwa nyuma utaiona kutoka ubavuni.

Familia ya Microsoft ina mtego wake. Kwenye Flight Simulator X ya mwaka 2006, jicho la rubani huandikwa kwenye mstari wa eyepoint, kwa futi, kwa mpangilio wa mbele-nyuma, kisha kando, kisha juu. Kamera za nyongeza nazo huandikwa kwenye mstari wa InitialXyz, kwa mita, kwa mpangilio wa kulia, juu, mbele. Mistari yote miwili inahusu nafasi ya kamera, ila vipimo tofauti na mpangilio tofauti. Aliyezoea futi akitaka mita 25 nyuma ataandika -82, na kamera itakaa mita 82 nyuma. Kwa bahati mbaya picha yake itaonekana ya maana tu, ndege ndogo kidogo, naye ataanza kubana lenzi kuisahihisha. Futi moja ni mita 0.3048. Iandike kwenye karatasi uibandike karibu na skrini.

Kuna pia ule ukuta usioonekana mbele ya lenzi. Programu haichori kitu kilicho karibu sana na kamera, na ndiyo maana ukisogea mno karibu na bawa unaliona limekatwa kama kwa kisu na unaona ndani yake. Haimaanishi umbo limeharibika. Rudi nyuma kidogo. Kama lazima uwe karibu, kwenye faili za Microsoft kuna ClipMode inayoweza kuwekwa Minimum, nayo inausogeza ukuta huo jirani na lenzi.

Jua, bara na bahari

Watu hupanga kamera kwa kuangalia ndege tu na kusahau taa iko wapi. Safari ya Dar kwenda Unguja ni mfano mzuri, kwa sababu inaelekea kaskazini karibu kamili, kwa umbali wa maili za baharini kama 40. Cessna 208, ile Caravan ya injini moja ambayo ni ndege ya kila siku kwenye njia hii, iko pia ndani ya Microsoft Flight Simulator ya 2020 bila kununua nyongeza. Ukipaa kwa njia ya 05 ya uwanja wa Julius Nyerere, unaelekea kaskazini-mashariki, kisha unakata kushoto kufuata kisiwa.

Asubuhi jua liko mashariki, kulia kwako. Kamera ikiwa kushoto, utapiga ubavu ulio gizani na anga lenye mwanga mkali nyuma yake, na ndege itakuwa kivuli cheusi. Iweke kulia na nyuma kidogo. Ubavu wote unapata mwanga, na nyuma yake unaona pwani ya bara ikielekea Bagamoyo. Alasiri geuza mambo: kamera kushoto, jua linatoka bara, na nyuma ya ndege ni bahari tupu hadi mwisho wa macho. Kimo pia kina kazi yake. Kamera ikiwa juu kidogo ya bawa inaonyesha rangi ya maji na matumbawe chini, ikishuka chini ya tumbo inaonyesha magurudumu na mawingu. Mimi huchagua juu kidogo, hasa unapokaribia Unguja, kwa sababu maji ya pale ndiyo yanayoiuza picha.

Saa sita mchana upande wowote ni sawa, na picha zake hazivutii.

Vitufe, kwa ufupi

Kwenye Microsoft Flight Simulator ya 2020, kitufe cha End ndicho kinachokutoa nje na kukurudisha ndani. Insert inawasha kamera ya droni, inayojitenga na ndege na kutembea yenyewe kwa W, A, S na D. Kumbuka tu kwamba droni ni kamera isiyofungwa: usipoiambia ifuate, ndege itakuacha hapo hewani na kwenda zake, na watu wengi huidhani imeganda. Laptop nyingi ndogo hazina End wala Insert peke yake, inabidi ushikilie Fn. Badala ya kupindisha vidole kila mara, ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti uhamishie kazi hiyo kwenye kitufe kingine. Vivyo hivyo kwa laptop zisizo na kibao cha namba upande wa kulia, maana baadhi ya programu hizi huviweka vitufe vya kutazama pande huko.

Kwenye X-Plane, Shift na 8 inakupa kamera inayofuata kwa nyuma, Shift na 4 ile unayoweza kuizungusha kuizunguka ndege nzima. Lenzi yake inapangwa kwenye mipangilio ya picha, nayo kwa digrii za upana, kwa hiyo hesabu za hapo juu zinaingia bila kubadilishwa.

Kuhifadhi

Ukibadilisha namba kwenye kivinjari cha vigezo vya FlightGear, mara nyingi zinapotea ukifunga programu. Njia nyepesi ya kuzidumisha ni kuandika --prop:/sim/chase-distance-m=-147 kwenye kisanduku cha maagizo ya ziada cha dirisha la kuanzia, ila hapo itatumika kwa kila ndege utakayorusha, na Cessna itakuwa kadoa. Ukitaka ihusu ndege moja tu, iandike kwenye faili lake la -set.xml.

Kabla hujaligusa faili hilo, fanya nakala na uiweke nje ya folda ya ndege. Mabano moja ya XML, yaani alama zilizoandikiwa faili hilo, yakikosa kufungwa, ndege nzima haitafunguka, na programu haitakuambia kwa lugha rahisi kosa liko mstari gani. Badilisha namba moja, fungua, tazama, funga, kisha nenda kwenye nyingine. Ndege ikipata toleo jipya, faili lako litafunikwa na la mtengenezaji. Usibandike faili lako la zamani lote juu ya jipya, kwa sababu pamoja na kamera utarudisha na hitilafu alizokwisha kuzirekebisha. Nakili mistari ya kamera peke yake.